Jinsi ya Kuituma Tarakilishi Ijibonyezee Vitufe

Mnamo mwaka 2024 mwalimu mmoja wa shule yetu hapa Nyeri alipewa kazi ya kuwaingiza wanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika tovuti fulani, mmoja baada ya mwingine: jina, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya cheti cha kuzaliwa, kisha kitufe cha kuhifadhi. Wanafunzi walikuwa 184. Kwa kuwa nilikuwa nikijifanya mjuzi wa tarakilishi, niliitwa kusaidia. Nikasema moyoni, kazi ya punda na ifanywe na punda, yaani mashine.

Nilitumia AutoHotkey, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Mallett mwaka 2003. Unaandika amri mstari kwa mstari katika faili ya kawaida, nayo hutii kana kwamba ni mkono wako ulioshika kipanya na kibodi. Majina tayari yalikuwa kwenye Excel. Basi nikaona nimemaliza kabla ya kuanza!

Kosa langu la kwanza ni kwamba niliuonyesha mkono huo mahali badala ya kuutajia kitu. Niliuambia: bonyeza nukta ya 640 kutoka kushoto na ya 410 kutoka juu. Kwenye tarakilishi ya kwanza mambo yakawa shwari. Nikahamia ya pili yenye kioo kipana zaidi, mkono ukabonyeza hewa. Hata kwenye mashine ileile, mtu akikuza maandishi hadi asilimia 125, au tangazo likichomoza juu ya ukurasa, vitufe vyote husogea na mkono hubaki ukipapasa palepale pa zamani.

Kosa la pili bado linanitia aibu. Siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha na mtandao ulikuwa wa kubembelezwa. Nilikuwa nimeiamuru skripti ingoje sekunde 3 baada ya kuhifadhi, kumbe ukurasa ulihitaji 9. Skripti haina macho. Ikaanza kumwandika mwanafunzi wa pili juu ya fomu ya wa kwanza ambayo haijaondoka. Tulipogundua, wasichana 7 walikuwa wamebeba nambari za vyeti vya wenzao. Na si unajua nambari kama hiyo ikikosewa, mwenyewe huja kusumbuka wakati wa kusajiliwa kwa mtihani? Mwalimu hakunigombeza. Alivua miwani tu, akanyamaza, jambo ambalo ni baya zaidi.

Dawa niliipata baadaye. Katika programu za zamani za Windows, kila kitufe hujulikana na mfumo wenyewe, kwa hivyo skripti hukiita tu. Kivinjari si hivyo. Chrome na Firefox hujichorea ukurasa mzima ndani ya dirisha moja, kama fundi anayechora nyumba ukutani: wewe unaona mlango, lakini Windows inaona ukuta wenye rangi.

Hata hivyo upo mlango wa pembeni, nao haukutengenezewa wavivu kama mimi. Ulitengenezewa wasioona. Mwaka 1997 Microsoft ilitoa njia ya programu kueleza sehemu zake kwa maneno, na mwaka 2006 ikatoa nyingine bora, UI Automation. Kivinjari huandaa orodha yenye matawi kama mti: hiki ni kitufe, jina lake Hifadhi, sasa hivi kimezimwa, hiki ni kisanduku cha jina, kiko tupu. Orodha hiyo ndiyo husomwa kwa sauti na NVDA, programu ya bure ambayo Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe haoni, aliianza mwaka 2006.

Skripti nayo yaweza kuiuliza orodha hiyohiyo: nitafutie kitufe kiitwacho Hifadhi, popote kilipo. Ukuzaji wa maandishi hauna neno tena. Hata kungoja hubadilika: badala ya kuhesabu sekunde, inauliza na kuuliza tena mpaka kisanduku cha jina kionekane kitupu. Tahadhari moja: Chrome haiandai orodha hiyo mpaka programu fulani iiombe, kwa hivyo ukikuta patupu mara ya kwanza usikate tamaa, uliza tena.

Kwa mambo madogo tumia kibodi tu. Ctrl+L hukupeleka kwenye upau wa anwani na F5 hupakia ukurasa upya, kioo kiwe kikubwa au kidogo. Wengine wataniuliza mbona sikutumia Selenium, aliyoianza Jason Huggins huko Chicago mwaka 2004. Ni nzuri, tena huzungumza na kivinjari moja kwa moja, lakini huhitaji kusakinishwa, na mashine za maabara yetu zimefungwa.

Jambo lililonishangaza ni hili. Katika tovuti ile, vitufe viwili havikuwa na jina lolote, vilikuwa na picha tu. Mimi nilivihesabu, cha tatu, cha nne, nikapita. Lakini mwanafunzi wa shule ya wasioona ya St. Lucy kule Igoji, Meru, akifika hapo atasikia "kitufe", kisha "kitufe", basi. Hana wa kumwambia kipi kinahifadhi na kipi kinafuta.

Skripti ya mwisho ilijaza fomu, ikasimama. Mwalimu alilinganisha na cheti kilichokuwa mezani, kisha akabonyeza Hifadhi kwa kidole chake. Nywila pia aliiandika mwenyewe. Wale wasichana 7 tuliwarekebisha kwa mkono, jioni tatu.