Kuchelewa na Kukawia: Istilahi za Kurekodi Muziki kwa Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi moja inayowatatiza wafasiri wa miongozo ya programu za kurekodia muziki, nayo ni ile inayokopwa kama letensi. Pengine hufasiriwa kuwa uchelewaji, pengine mwangwi. Tofauti hii si ya ladha ya maneno tu, kwani fundi anayefuata mwongozo uliofasiriwa vibaya hugeuza kipimo kisichohusika na kuiharibu kazi ya msanii.

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe. Kadi ya sauti hupokea mawimbi kutoka kwenye maikrofoni na kuyageuza kuwa tarakimu ziitwazo sampuli, ambazo kwa kawaida ni 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde. Kompyuta haizishughulikii sampuli hizo mojamoja, bali huzikusanya kwanza katika akiba ndogo, mfano wa mtu achotaye maji kwa kata. Kata ikiwa kubwa, mchotaji hupata nafasi ya kupumua, lakini maji hukawia kumfikia mwenye kiu. Kata ikiwa ndogo mno, mchotaji huelemewa, na hapo sauti hukatikakatika na kutoa mikwaruzo.

Hesabu yake ni nyepesi: idadi ya sampuli zilizomo katika akiba hugawanywa kwa kasi ya sampuli. Akiba ya sampuli 256, kwa kasi ya 48,000, hukawiza sauti kwa milisekunde 5.3; akiba ya 1,024 huikawiza kwa milisekunde 21.3. Kwa kuwa sauti huingia na kutoka, muda huo huwa takriban maradufu, mbali na ule unaotumiwa na kadi yenyewe.

Tuchukue mfano wa ngoma ya msewe ya Pemba, ambamo wachezaji hufunga misewe miguuni, nayo hulia kwa kila kishindo cha mguu. Iwapo ngoma zimekwisha kurekodiwa, kisha mchezaji akatakiwa kuongeza misewe huku akijisikiliza kwa hedifoni, akiba ya 1,024 itamfanya aisikie baada ya milisekunde 43 hivi. Kwa kuwa sauti hewani huenda takriban mita 343 kwa sekunde, ni kama kwamba misewe yake inalia umbali wa karibu mita 15. Atajaribu kuisubiri, na mwendo wa ngoma utapotea. Fundi akisoma katika mwongozo "punguza mwangwi", atahangaika na kuta za chumba, ilhali dawa ni kupunguza akiba hadi sampuli 128 au 64 wakati wa kurekodi, kisha kuiongeza tena wakati wa kuchanganya sauti.

Ni dhahiri basi kwamba mwangwi haufai, maana huo ni sauti inayorudi baada ya kugonga kitu. Je, uchelewaji? Utaratibu wa kuunda istilahi hututaka tutazame kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo tukope. Katika hazina hiyo, kuchelewa kunatokana na kucha, yaani kupambazuka: aliyechelewa ni yule aliyekuchiwa kabla ya kuanza safari yake. Neno hili hudokeza saa iliyowekwa ikapita, na kwa hiyo kosa linalopaswa kuondolewa. Kukawia, kwa upande mwingine, ni kutumia muda njiani. Sauti ndani ya kompyuta haikosi saa yake. Hukawia tu, na ukawiaji huo hauwezi kuondolewa kabisa, bali hupunguzwa.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi hizi: kadi ya sauti; kasi ya sampuli; akiba ya sauti, kwa mahali sampuli zinapokusanyikia; muda wa ukawiaji, kwa kipimo kinachohesabiwa kwa milisekunde; na usikilizaji wa moja kwa moja, kwa njia ambayo msanii hujisikia kutoka kwenye kadi bila sauti kupita katika programu.

Mfasiri akizifuata, ataweza kuandika: "Punguza akiba ya sauti ili muda wa ukawiaji uwe mfupi, sauti ikikatika, iongeze kidogo." Sentensi hiyo fundi wa Wete au Chake Chake ataielewa na kuitenda. Walimu na wafasiri wanaombwa kuzijaribu istilahi hizi kazini kabla hazijapelekwa kusanifiwa.