Visiki vya kale vinavyowasumbua wenye ploti Nakuru, na namna ya kuving'oa

Mnunuzi wa ploti ya futi 50 kwa 100 viungani mwa Nakuru huonyeshwa mambo mengi siku ya kukagua ardhi: vigingi vya mipaka, barabara ya kuingilia, nguzo za umeme na mahali ambapo bomba la maji litapita. Visiki huonyeshwa mara chache. Hugunduliwa baadaye, fundi anapochimba msingi au mwenye nyumba anapotaka kupanda sukuma wiki nyuma ya jikoni, jembe likagonga kitu kigumu na kukataa kwenda mbele.

Hilo si ajabu katika eneo hili. Sehemu kubwa ya ardhi inayogawanywa kuanzia Gilgil hadi Molo, na kutoka Njoro hadi Bahati, ilikuwa mashamba ya walowezi yaliyozungushiwa safu za misaipresi na mikaratusi ili kukinga upepo na kutoa kuni. Mkaratusi wenyewe uliletwa nchini mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni ilipohitaji kuni za haraka kwa injini za Reli ya Uganda. Baada ya uhuru mashamba hayo yaligawanywa, yakagawanywa tena kwa warithi, na hatimaye kwa wanunuzi wa ploti. Miti ilikatwa kila awamu. Visiki vikabaki.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuviona visiki vyote kuwa kitu kimoja, kisha kuita vibarua wenye mashoka. Kabla ya kutafuta shoka, yapo maswali mawili yanayopaswa kujibiwa: kisiki hicho ni cha mti gani, na je, kiko hai au kimekufa? Majibu yake ndiyo yatakayoamua gharama, muda na hata kama kuna haja ya kukichimba.

Kujua kama kisiki kiko hai ni rahisi. Ganda lake huchongwa kidogo kwa panga karibu na ardhi. Iwapo chini ya ganda pana unyevu na rangi nyeupe au ya kijani kibichi, kisiki kingali hai hata kama hakina jani hata moja. Iwapo ganda linabanduka lenyewe na mti ni mkavu au umekuwa kama unga, kimekufa.

Mkaratusi ndio sugu kuliko yote. Ukikatwa, kisiki huchipua upya, na ndiyo sababu mkulima wa nguzo hupanda mara moja na kuvuna mara kadhaa. Neema hiyo ya mkulima wa nguzo huwa balaa kwa mwenye nyumba. Mjakaranda nao huchipua kwa nguvu, na mgrevilea hufanya hivyo hasa ukikatwa ungali mchanga.

Msaipresi ni tofauti kabisa. Ukikatwa chini ya matawi yake yote, hufa. Wakulima waliolima viazi katika misitu ya serikali kule Elburgon na Molo kwa mtindo wa shamba walilijua hilo vyema: walilima katikati ya visiki vya misaipresi na kuviacha vioze vyenyewe.

Kisiki cha muwati kwa kawaida hufa kikikatwa chini, lakini mti huo huacha mbegu nyingi ardhini zenye ganda gumu ambazo hulala kwa miaka mingi. Joto hulipasua ganda hilo. Kwa hiyo anayechoma kisiki cha muwati asishangae mvua ikinyesha na miche mamia ikachomoza palepale penye jivu.

Kisha kuna mtarakwa, mti wa asili wa nyanda hizi za juu. Moyo wake hauozi upesi wala hauliwi kwa urahisi na mchwa, na ndiyo maana umekuwa ukitumiwa kwa nguzo za ua tangu zamani. Kumshauri mwenye kisiki cha mtarakwa asubiri kioze ni kumwachia wajukuu wake kazi hiyo.

Kisiki kilicho hai huuawa kwanza ndipo kingojewe kuoza. Njia isiyo na dawa ni kuyang'oa machipukizi yote kila yanapotokea, bila kuruhusu hata moja likomae, hadi mizizi iishiwe na chakula ilichoweka akiba. Kwa mkaratusi mkubwa kazi hiyo huchukua zaidi ya mwaka, na wiki chache za uzembe huirudisha nyuma.

Njia ya pili ni dawa ya kuua magugu iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu (PCPB) kwa kazi hiyo. Hapa wengi hupoteza fedha. Dawa humwagwa juu ya kisiki kilichokatwa miezi mingi iliyopita, ambapo mbao imekwisha kukauka na haiwezi kuifyonza. Inatakiwa ipakwe dakika chache tu baada ya kukata, tena kwenye duara jembamba lililo mara tu ndani ya ganda, kwani hapo ndipo penye uhai. Katikati ya kisiki ni mbao mfu. Aliye na kisiki cha zamani chenye uhai sharti akate kipande kingine juu ili apate jeraha bichi. Vilevile achunguze kama kuna mti wa aina hiyohiyo karibu anaotaka kuubakiza, maana mizizi ya miti jirani huweza kuungana na dawa ikavuka.

Chumvi na oili chafu ya gari, ambazo husifiwa sana mitaani, hazifai. Chumvi huharibu udongo kiasi kwamba mboga hazioti hapo kwa muda mrefu, na oili husombwa na mvua. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoteremkia humo hubaki humo.

Kuchimba ndiyo njia ya haraka na ya kuaminika. Kazi ingekuwa nyepesi mno kama aliyekata mti angefikiria kisiki mapema. Kisiki kilichoachwa kirefu, cha mita moja au zaidi, hugeuka kuwa wenzo: mizizi ya pembeni ikikwisha kukatwa, watu watatu wakikisukuma huku na huku, kitasalimu amri. Kilichokatwa sawa na ardhi hakina mahali pa kushika. Ndiyo maana wazee waliofungua mashamba mapya walichimba kuzunguka mti uliosimama, wakakata mizizi upande mmoja baada ya mwingine, na uzito wa mti wenyewe ukakiinua kisiki ulipoanguka. Mbinu hiyo inafaa shambani palipo wazi. Kwenye ploti iliyozungukwa na nyumba ni hatari, na haifai kujaribiwa.

Udongo wa volkeno wa maeneo mengi ya Nakuru huchimbika kwa urahisi, hasa siku chache baada ya mvua. Kazi huanza umbali wa hatua moja hivi kutoka kwenye kisiki, mtaro ukazungushwa pande zote kwa jembe na sepetu, na kila mzizi unaoonekana ukakatwa mara mbili ili kipande cha katikati kitolewe na kuacha nafasi ya shoka. Udongo usafishwe kwenye mizizi kabla ya kukata, kwa sababu mchanga huua makali ya shoka na msumeno kwa dakika chache. Mizizi ya chini hubakia mwisho na huinuliwa kwa mtaimbo. Wepesi wa udongo huu una upande wake wa pili: kuta za shimo hubomoka bila onyo, hivyo mtu asiingie kwenye shimo refu lililo wima akiwa peke yake.

Ajali mbaya hutokea pale watu wanapochoka na kufunga mnyororo kwenye pikapu. Mnyororo ukikatika ukiwa umekazwa hurudi kwa kasi inayoweza kuua dereva au mtazamaji. Kwa visiki vingi na vikubwa, ni nafuu wenye ploti jirani kuchanga na kukodi tingatinga kwa siku moja. Kabla ya hapo, mabomba ya maji, ya majitaka na nyaya zilizozikwa zitambuliwe zilipo, kwa kuwa mizizi ya mkaratusi hupenda kuandamana na bomba linalovuja.

Malipo ya vibarua hutegemea mapatano, na mara nyingi kuni zenyewe huwa sehemu ya ujira. Ikiwa nia ni kutengeneza mkaa wa kuuza, kibali cha Huduma ya Misitu (KFS) kinahitajika.

Wengine huchagua moto. Kisiki kikavu huteketea taratibu, lakini moto hufuata mizizi chini ya ardhi na unaweza kufukuta kwa siku nyingi kabla ya kuibuka mahali pengine, pengine kando ya ua wa mbao. Januari na Februari, miezi ya kiangazi na upepo, ndiyo miezi ambayo kisiki huwaka vizuri, na ndiyo ambayo haifai kabisa kukiwasha.

Yapo mambo mawili yanayofanya kisiki kisiwe suala la sura ya bustani tu. La kwanza ni ugonjwa. Kuvu liitwalo Armillaria huishi kwenye mizizi na visiki vya miti iliyokatwa, kisha huvuka kupitia mizizi inayogusana hadi kwenye mimea mipya. Hushambulia chai, kahawa na miti mingi ya matunda, ikiwemo mipichi na miplamu. Mche hupandwa, hustawi miaka michache, halafu hunyauka ghafla, na mwenyewe hulaumu mbolea. Dalili yake ni utando mweupe unaonuka kama uyoga chini ya ganda la shina karibu na ardhi.

Wakulima wa chai wamepambana na kuvu hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930, mtafiti R. Leach huko Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, alionyesha kwamba mti ukibanduliwa ganda kuzunguka shina na kuachwa ufe umesimama kabla ya kukatwa, wanga ulio mizizini huisha, na kuvu hukosa chakula cha kulitia nguvu. Anayepanga kukata mti mkubwa na kupanda matunda mahali pake angefaidika na ujuzi huo, mradi mti unaokauka haumwangukii jirani. Ambaye mti wake ulikatwa zamani atalazimika kuchimba na kutoa hata mizizi yenye unene wa kidole gumba, au apande mahindi na mboga hapo kwa miaka kadhaa kabla ya kurudisha miti.

La pili ni msingi wa nyumba. Kisiki kilichofukiwa huoza na kuacha pango, na mchwa wanaokila huwa karibu na milango na paa. Udongo wa Bonde la Ufa una historia yake: Machi 2018 ufa mkubwa uliikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na wanajiolojia wengi walieleza kwamba maji ya mvua yalisomba majivu mepesi ya volkeno kutoka chini. Hakuna sababu ya mwenye nyumba kuyatengenezea maji njia nyingine. Kisiki kilicho ndani ya mstari wa msingi hutolewa chote, bila kusubiri kioze.

Hata hivyo, viko visiki ambavyo haviguswi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito na chemchemi, na Kanuni za Kilimo cha Miti Mashambani za mwaka huohuo zikakataza kuipanda katika maeneo oevu. Wapo waliotafsiri agizo hilo kuwa ruhusa ya kufukua kingo. Kwenye ukingo wa Mto Njoro au Malewa, na kwenye miteremko ya Subukia, mizizi, hata iliyokufa, ndiyo inayoushika udongo. Pale kisiki huuawa na kuachwa mahali pake, na miche ya miti ya kienyeji ikapandwa kando yake.

Shimo lililobaki bustanini hujazwa kwa udongo uleule uliotolewa, baada ya vipande vya mizizi kuchambuliwa. Maranda na machicha ya mbao yasifukiwe humo, kwa kuwa yakioza hunyang'anya mimea naitrojeni. Yatandazwe juu kama matandazo. Ikiwa jengo litapita hapo, shimo hujazwa kwa changarawe, tabaka moja moja la sentimita 15 hivi, kila tabaka likamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kabla ya jingine kuwekwa.