Kisomo si Kuweka Akiba Benki

Aghalabu mwalimu wa ngumbaru huingia darasani, akaandika a, e, i, o, u ubaoni, kisha akawataka wazee wenye mvi waimbe nyuma yake kama watoto wa chekechea. Muda si muda madawati hubaki matupu, naye huwalaumu wanafunzi kwa uvivu. Je, kosa ni la nani?

Mwanafalsafa wa Brazil, Paulo Freire (1921-1997), alifananisha mafunzo ya namna hiyo na kuweka fedha benki: mwalimu ndiye mwenye mali, mwanafunzi ni kasha tupu. Yeye alishikilia kwamba mtu huusoma ulimwengu kabla hajasoma neno. Mkulima asiyejua herufi anaijua mvua, anaijua bei, na anajua ni nani humpunja.

Nadharia hiyo haikubaki vitabuni. Mwaka 1963, mjini Angicos, wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kusoma kwa takriban saa 40. Katika mpango wa Freire, neno kama tijolo, yaani tofali, lilijadiliwa kwanza, kisha likakatwa silabi: ti, jo, lo. Kutokana na ti yakazaliwa ta, te, to, tu, na maneno mapya yakaundwa na wanafunzi wenyewe. Siku hizo asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura nchini humo. Kumfundisha kulikuwa kumpa sauti. Wanajeshi walipotwaa serikali mwaka 1964, Freire alifungwa, kisha akaenda uhamishoni.

Kiswahili, kwa silabi zake zilizo wazi, kinaifaa sana njia hii. Mchuma chai na apewe neno mizani. Na aulizwe kwanza: nani huisoma? Nani huandika kilo? Ndipo yaje mi, za, ni. Atakayejifunza hivyo hatatia tena kidole gumba kwenye stakabadhi asiyoielewa.

Wako watakaosema hiyo ni siasa, si kisomo. Lakini kumfundisha mtu herufi huku ukimnyima swali ni siasa pia, tena ya kumfunga mdomo.

Basi, walimu wenzangu, nanyi mnaosomea ualimu, kabla ya kushika chaki tuwasikilize wanafunzi wetu. Neno la kwanza la somo limo vinywani mwao.