Betri mpya si dawa kama gari halichaji

Mwezi Juni unapokaribia na magari ya watalii kuanza kurudi barabarani, betri ni moja ya bidhaa ambazo wenye makampuni madogo ya safari mjini Arusha hulazimika kuzinunua. Kwa wenye Land Cruiser na Land Rover za zamani, ununuzi huo mara nyingi ni hasara. Betri mpya inafungwa, inafanya kazi wiki chache, kisha friji linazima usiku kambini na asubuhi dereva anatafuta watu wa kusukuma gari, wageni wakitazama. Lawama humwendea muuza betri. Naye anapokataa kuibadilisha, mara nyingi ana haki: betri haikuwa mbovu, ila haikuwahi kujaa.

Magari hayo kwa kawaida hubeba betri mbili. Ya kwanza ni ya kuwasha injini, ya pili ni ya friji, redio ya mawasiliano na taa za kambini. Zote huchajiwa na alternata moja, ambayo kiwandani ilikusudiwa betri ya kwanza tu. Ya pili iliongezwa baadaye gereji, na hapo ndipo kasoro nyingi huanzia.

Kabla ya kutoa fedha dukani, mwenye gari anashauriwa kutumia mita ya volti, chombo kidogo ambacho kila fundi umeme anacho. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kutumika, betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha. Kisha injini iwashwe na kuongezwa mwendo kidogo. Betri ya kwanza sasa isome kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, mkanda wa alternata utazamwe kwanza, halafu makaa yake. Hata balbu ya alama ya betri kwenye dashibodi isidharauliwe, maana katika magari mengi ya zamani ikiungua alternata inaweza isianze kuchaji kabisa. Ikipita 14.8, regyuleta imeharibika na betri itachemka hadi ikauke maji.

Kipimo kinachosahaulika ni cha betri ya pili, injini ikiwa bado inanguruma. Si ajabu kukuta ya kwanza ina 14.2 na ya pili 13.2. Ile volti moja iliyopotea njiani ndiyo inayoua betri. Risasi iliyo ndani isipojazwa hushikwa na chumvi ngumu, na baada ya miezi michache haipokei tena umeme hata ikichajiwa dukani siku nzima.

Volti hizo hupotea mahali panapojulikana. Magari mengine yamefungwa daiodi ya kutenganisha betri, nayo peke yake hula volti 0.6 hadi 0.7. Mengine yana relei, ambayo ncha zake huungua taratibu. Lakini mkosaji mkubwa ni waya. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ambao ni wa taa, ukivutwa mita 5 hadi nyuma ya gari na kupitisha ampea 20, hupoteza karibu volti 0.7. Wa milimita mraba 16 hupoteza takriban 0.1 tu. Bei ya waya mnene na vichwa vyake haifiki bei ya betri. Waya wa hasi unaofungwa kwenye chasisi nao ukwanguliwe rangi na kutu, kwani vumbi na matope ya mbugani havibagui.

Kwa magari ya volti 24, yakiwemo mabasi mengi aina ya Coaster na baadhi ya Land Cruiser za dizeli, kuna kosa la aina yake. Fundi anatafuta volti 12 za redio na kuzichukua kwenye betri moja kati ya mbili zilizounganishwa. Betri hiyo inanyonywa kila siku, na alternata, isiyojua habari hizo, inaijaza kupita kiasi ile nyingine. Injini ikinguruma, jumla itasoma 28 safi kabisa, lakini kila betri ikipimwa peke yake moja itakuwa na 13 na nyingine 15. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12. Kununua betri moja mpya na kuiunganisha na ile iliyochoka ni kuiua kabla ya wakati wake.

Hesabu ya matumizi nayo ifanywe. Friji la ampea 4 linalofanya kazi nusu ya muda, kwa saa 12 za usiku, linakula ampea-saa 24. Betri ya ampea-saa 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo usiku mmoja inamudu, na wa pili inafika ukingoni iwapo gari halikutembea mchana. Mwendo wa dakika 20 kwenda kutazama simba na kurudi haurudishi kitu cha maana.

Ipo pia desturi ya gereji ya kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma ili kuona kama alternata inafanya kazi. Desturi hiyo iachwe, kwani volti huruka ghafla na kuunguza daiodi za alternata, na mteja anaondoka na ugonjwa ambao hakuja nao.

Magari yanayoegeshwa wakati wa mvua za Aprili na Mei yachomolewe waya wa hasi na betri zichajiwe walau mara moja kwa mwezi. Maji yakipungua yaongezwe maji safi ya betri, wala si asidi.