Mkono Mtupu Ukingoni mwa Kalambo

Akina mama wenzangu, safari ndefu ya gari na watoto watatu si mchezo. Tulitoka Sumbawanga alfajiri, tukapita Matai kuelekea Kapozwa. Mtoto wa kati alitapika mara mbili, na mimi muuguzi mzima nilisahau kubeba mifuko!

Maporomoko ya Kalambo yapo mpakani mwa Tanzania na Zambia. Maji huanguka kwa mruko mmoja, zaidi ya mita 200, hadi kwenye korongo lenye kuta za mawe, kisha mto huendelea hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba magogo yaliyochongwa na watu, yaliyofukuliwa kandokando ya mto huo, yana umri usiopungua miaka 476,000.

Hayo nilikuwa nikimweleza binti yangu mkubwa, kidole kikielekea ng'ambo. Kumbe mkono wa pili ulikuwa mtupu. Kitinda mimba wetu, miaka mitano, alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka ukingoni, akiokota vijiwe. Baba yake hakupiga kelele. Alimwendea polepole, asimshtue, akamshika sweta. Miguu yangu iliishiwa nguvu. Ni wazazi wangapi nimewafundisha kliniki habari za ajali za watoto?

Nilimfunga mgongoni kwa kanga, mkubwa vile, akilia kwa aibu. Ukienda, kila mtoto mdogo awe na mtu mzima wake asiye na kazi nyingine, hata ya kupiga picha.

Bwana yangu hakusema neno njiani. Ila tulipofika Matai alisimamisha gari, akaninunulia chai.