Mapambo ya kichwa ya Andes ya kale

Mapambo ya kichwa ya Andes ya kale ni taji, mabamba ya paji la uso, vipuli na manyoya ya metali yaliyovaliwa na watawala na makuhani wa milima ya Andes na pwani yake, hasa katika nchi ya leo ya Peru, kabla ya Wahispania kufika katika karne ya 16.

Utengenezaji

Wafuaji walipiga dhahabu, fedha na shaba kwa nyundo za mawe hadi kupata mabamba membamba. Wamoche, waliostawi pwani ya kaskazini ya Peru kati ya karne ya 1 na ya 8 hivi, walitumia pia aloi ya shaba na dhahabu. Bamba lilipopashwa moto na kusafishwa kwa tindikali mara kadhaa, shaba ya juu iliondoka na dhahabu ikabaki. Hivyo pambo lenye shaba nyingi ndani liling'aa kama dhahabu tupu.

Maana

Pambo lilionyesha cheo cha mvaaji. Michoro ya vyungu vya Wamoche inaonyesha sherehe ya kafara ambamo kiongozi amevaa bamba kubwa lenye umbo la mwezi mwandamo. Mwaka 1987 mwanaakiolojia Walter Alva na wenzake walianza kuchimba makaburi ya Sipán, wakamkuta mtawala aliyezikwa na bamba la namna hiyo. Ndipo ilipothibitika kwamba wahusika wa michoro hiyo walikuwa watu halisi, si wa hadithi tu.

Upotevu

Mapambo mengi hayapo tena. Mwaka 1533 Wahispania waliyeyusha vyombo vya dhahabu na fedha vilivyotolewa kuwa fidia ya Atahualpa, mfalme wa Inka. Baadaye wezi wa makaburi waliendeleza uharibifu. Hata Sipán walitangulia kupora kaburi moja kabla ya wataalamu kufika.

Pambo maarufu la dhahabu la Wamoche, lenye uso wa mungu uliozungukwa na minyiri ya pweza, liliibwa katika kaburi la La Mina mwaka 1988. Lilipatikana London mwaka 2006, likarudishwa Peru. Hata hivyo, kwa kuwa kaburi liliporwa kabla ya kuchunguzwa, pambo hilo haliwezi kueleza habari za mwenyewe kama yanavyoeleza yale ya Sipán.