Motokaa Iliyotumika na Hesabu ya Kilomita Zake

Watu wengi katika Kenya hawanunui motokaa mpya. Hununua zilizokwisha kutumika, ambazo nyingi huja kwa meli kutoka Japani hadi Mombasa, na nyingine hununuliwa papa hapa kwa mtu aliyeziendesha miaka kadhaa. Mkulima wa Nyandarua atakaye pikapu ya kuchukulia maziwa na viazi, na karani atakaye kigari cha kumfikisha kazini, mara nyingi hukopa katika chama cha akiba na mikopo, na deni hilo hukatwa kidogo kidogo kwa miaka mitatu au minne. Kwa hiyo akidanganywa katika ununuzi, hadanganywi siku moja tu. Ataulipia uwongo huo kila mwisho wa mwezi.

Uwongo ninaotaka kuueleza ni ule wa mita, yaani hesabu ya kilomita ionekanayo mbele ya dereva, ambayo wauzaji huiita maileji. Hesabu hiyo ndiyo jambo la kwanza aulizalo mnunuzi, na bei hupanda au kushuka kwa ajili yake. Ndiyo sababu wako watu wanaoirudisha nyuma.

Yafaa kwanza kuufahamu mtambo wenyewe. Katika motokaa za zamani waya mrefu ulitoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi, ukazungusha vigurudumu vidogo vilivyoandikwa nambari 0 mpaka 9. Gurudumu la kwanza likimaliza mzunguko wake lilisukuma la pili hatua moja, na la pili likasukuma la tatu, na kuendelea hivyo. Fundi mwovu alifungua kioo akazirudisha nambari kwa mkono, au akaufunga waya kwenye mashine ya kutobolea na kuuzungusha kinyume. Lakini kazi hiyo iliacha alama: nambari hazikukaa sawa katika mstari, na skrubu zilikwaruzwa. Motokaa za siku hizi hazina waya huo. Hesabu huhifadhiwa kwa umeme katika kipande kidogo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya dashibodi. Mwenye chombo cha kazi hiyo hukichomeka, mara nyingi katika tundu lililo chini ya usukani, lile lile ambalo mafundi waaminifu hulitumia kutafuta ubovu wa injini. Kisha huandika nambari aitakayo. Hapo kilomita 160,000 hugeuka 70,000 kwa dakika chache, wala hapana mkwaruzo uonekanao.

Hata hivyo mwovu huyo hasalimiki kila mara. Motokaa nyingine huiweka hesabu mahali zaidi ya pamoja: katika kompyuta ya injini, katika ile ya giaboksi, na pengine hata katika ufunguo. Asiyeijua kazi yake hubadilisha mahali pamoja akasahau pengine, na fundi wako akizisoma kompyuta zote ataona hesabu mbili zisizopatana.

Mtu aweza kuuliza, nambari ina madhara gani maadamu injini yanguruma vizuri? Injini nyingi zina mkanda wa mpira wa ndani, uitwao na mafundi mkanda wa taimingi, na watengenezaji wengi waliagiza ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi. Mnunuzi aionaye 70,000 katika mita hudhani kwamba ana kilomita 30,000 za kustarehe. Kumbe mkanda huo, kama haukubadilishwa, umepitisha kiasi chake kwa kilomita 60,000. Siku utakapokatika barabarani, katika injini nyingi vali hugongana na pistoni, na gharama ya matengenezo yaweza kukaribia bei ya injini nyingine.

Sasa nataka msomaji anifuate hadi Upper Hill, Nairobi. Kilima hicho kilikuwa cha nyumba za maofisa wa reli, zenye bustani na miti mirefu; leo kimejaa maghorofa, na mnara wa Britam uliokamilika mwaka 2017 huonekana toka mbali. Huko ndiko zilikokaa ofisi za NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ambayo ndiyo itunzayo daftari la usajili wa motokaa. Mtu ye yote akilipa ada ndogo aweza kupewa taarifa ya motokaa anayotaka kuinunua: jina la mwenyewe, nambari ya injini na ya chesisi, mwaka wa kutengenezwa, na kama iko benki inayoidai. Hapana budi kuipata taarifa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja. Lakini kilomita hazimo. Wala katika logibuku hazimo. Na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa maana mtu akiishika karatasi safi ya Serikali mkononi hudhani amekwisha kuhakikishiwa kila kitu, hata mita.

Katika kilima hicho hicho, hata hivyo, ziko karatasi nyingine ambazo wanunuzi wachache huziuliza. Makampuni makubwa ya bima yamejenga huko, na benki pia. Mwenye motokaa akitaka bima kubwa, ile ilipayo hata motokaa yake mwenyewe ikivunjika au ikiibwa, kwa kawaida kampuni humpeleka kwanza kwa mthamini. Mthamini huikagua motokaa, hukadiria thamani yake, na katika taarifa yake huandika tarehe na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Benki ikopeshayo fedha za motokaa nayo hutaka taarifa ya namna hiyo. Kwa hiyo motokaa iliyokaa hapa nchini miaka minne au mitano yaweza kuwa na taarifa mbili au tatu za uthamini, kila moja na tarehe yake.

Tuseme taarifa ya mwaka 2021 yaonyesha kilomita 92,000, na ya mwaka 2023 yaonyesha 131,000. Kisha muuzaji anakuonyesha mita isomayo 78,000. Hapo huhitaji fundi. Mwenye chombo cha kurudisha mita hawezi kuifikia karatasi iliyokwisha kuwekwa katika jalada la kampuni. Basi mwombe muuzaji taarifa zake za zamani za uthamini; kama amezipoteza, yeye mwenyewe aweza kuomba nakala kwa mthamini au kwa kampuni yake ya bima. Muuzaji mwaminifu hataona uzito. Kama motokaa ilikuwa na bima ndogo tu, ile ya kulinda watu wengine, huenda haikuthaminiwa kamwe, na hapo itakubidi kutafuta risiti za gereji na vile vibandiko vya kubadilisha oili, ambavyo navyo huandikwa kilomita.

Motokaa zitokazo Japani moja kwa moja zina karatasi za namna nyingine. Kule motokaa hukaguliwa kwa sheria, ukaguzi uitwao shaken, na kilomita huandikwa katika cheti. Cheti cha kuiondoa katika usajili ili isafirishwe huandikwa kilomita pia. Muuzaji wa yadi hupenda kuonyesha karatasi ya mnada, lakini picha ya karatasi katika simu isikutoshe. Ilinganishe na cheti hicho cha kusafirishia. Serikali ya Kenya imeweka mpaka wa umri, kwamba motokaa iingiayo isizidi miaka minane tangu iliposajiliwa mara ya kwanza, bali kilomita haikuziwekea mpaka. Zile zitokazo Uingereza huhesabu maili, wala si kilomita, na maili 60,000 ni karibu kilomita 97,000. Huo si udanganyifu, lakini wako waliojidanganya wenyewe. Kwa bahati njema, ukiijua nambari yake ya usajili ya kule, waweza kusoma bure katika mtandao wa serikali ya Uingereza maili zilizoandikwa katika kila ukaguzi wa mwaka.

Pasipo na karatasi yo yote, hesabu ya kawaida husaidia. Mwenye motokaa aliyekaa Thika na kufanya kazi Upper Hill huenda kilomita 45 hivi asubuhi na 45 jioni. Kwa siku 250 za kazi, hizo ni kilomita 22,500 kwa mwaka, bila kuhesabu safari za shamba na arusi. Akikuambia kwamba amekuwa nayo miaka minne na imeongeza kilomita 30,000 tu, muulize alisafiri na nani. Na lile tangazo lipendwalo sana, kwamba motokaa ilikuwa ya mwanamke mmoja mpole, mimi silitilii maanani, kwa sababu motokaa iliyofanya kazi ya teksi mchana na usiku yaweza kutangazwa kwa maneno hayo hayo.

Tazama pia mpira wa pedali, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Vitu hivyo havichakai sana kwa kilomita 50,000. Na vikiwa vipya kabisa katika motokaa ya miaka kumi, navyo ni vya kuuliziwa. Ubavuni mwa tairi ziko nambari nne, kama 2319, maana yake juma la 23 la mwaka 2019.

Tusilaumu wauzaji peke yao. Mnunuzi akimbiaye kila motokaa iliyopita kilomita 100,000 ndiye ampaye mwovu sababu ya kurudisha mita. Motokaa ya kilomita 140,000 iliyobadilishwa oili kwa wakati, na risiti zake zipo, naiona ni bora kuliko ya 60,000 isiyo na karatasi hata moja.

Nchi nyingine nazo zimeteswa na jambo hili. Marekani ilitunga sheria mwaka 1972, na bado idara yake ya usalama barabarani imekadiria kuwa zaidi ya motokaa 450,000 huuzwa kila mwaka zikiwa na hesabu ya uwongo. Ubelgiji ilifanya vizuri zaidi: tangu mwaka 2006 magereji hupeleka kilomita za kila motokaa wanayoishughulikia katika daftari moja liitwalo Car-Pass, na muuzaji hulazimika kumpa mnunuzi karatasi yake. Daftari kama hilo lingeweza kuwekwa Upper Hill bila shida kubwa, kwa kuwa wathamini wameshaziandika nambari hizo.

Kwa sasa iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Humkataza mfanyabiashara kusema kwamba kitu kimetumika kwa kiasi kisicho cha kweli, na mnunuzi aliyedanganywa aweza kuuvunja mkataba akitoa taarifa katika muda wa mwaka mmoja. Lakini atatakiwa athibitishe aliyoambiwa. Kwa hiyo hifadhi tangazo la mauzo, piga picha ya mita siku ya kununua, na katika mkataba, chini ya nambari ya chesisi, muuzaji aandike kilomita kwa tarakimu na kwa maneno, kisha atie sahihi pembeni.